Sista Nyangi na Mtungi wa Nyar Gembe

Saa mbili kasorobo asubuhi mjini Mbita, mlango wa chumba cha daktari bado umefungwa, lakini kliniki imekwisha kuchangamka. Kwenye benchi refu la barazani wamebanana akina mama wenye watoto mgongoni, mvuvi aliyejichoma ndoano kidoleni, na mzee mmoja anayekohoa kwa adabu ndani ya leso. Mbele yao amesimama mwanamke wa gauni jeupe na viatu vya raba, chupa ya maji mkono mmoja, kijiko mkono wa pili.

"Nani ameharisha hapa?" anauliza kwa sauti inayofika hadi sokoni.

Benchi linacheka.

"Basi nani mtoto wake ameharisha? Ama leo tumekuja kutembea?"

Mikono miwili mitatu inainuka polepole. Ndipo anapoanza: chumvi nusu kijiko, sukari vijiko sita vilivyosawazishwa, maji lita moja. Mvuvi wa ndoano anaitwa mbele achanganye. Anatia sukari kwa mkono wa ukarimu, akidhani anapika chai, na wanawake wanampigia kelele. Anarudia. Safari hii anapatia, anapigiwa makofi, naye anarudi kukaa amesahau kidole chake.

Huyo ndiye Nyangi Werema, muuguzi mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja. Mbita nzima inamjua kama Sista Nyangi. Ukitaka kumwudhi, mwambie kwamba kazi yake ni kutibu wagonjwa.

"Kutibu ni kazi ya daktari," anasema huku akipangusa kijiko. "Daktari analipwa kwa watu wanaougua. Mimi niko hapa kuwaharibia nafasi ya kuugua."

Mwenye kliniki, Daktari Barnabas Omollo, anamsikia kupitia dirishani na kutikisa kichwa. Alimwajiri mwaka 1992, miaka sita iliyopita, adunge sindano, asafishe vidonda na kupima homa. Mengine yote Sista Nyangi alijiajiri mwenyewe. Aliona watu wanakaa kwenye benchi asubuhi nzima wakitazama ukuta, akaona kwamba ni hasara kuwaacha hivyo. Leo mtu akija na jino, huondoka amepimwa presha. Mama akija kwa sababu ya kikohozi chake, huulizwa kadi ya chanjo ya mtoto. Wavuvi, ambao hucheka sana ukimwi ukitajwa barazani, huongea nao mmoja mmoja wakati wa sindano, mahali ambapo mtu hana ujanja wa kutoroka.

"Mwanzoni nilimwambia anaongea muda mrefu kuliko ninavyotibu," daktari anakiri. "Akanijibu kwamba ndiyo maana wagonjwa wangu hurudi na ugonjwa uleule."

Sista Nyangi si mtu wa ziwani. Alizaliwa kando ya Kehancha, karibu na mpaka wa Tanzania, katika boma la wafugaji wa Kikuria ambako samaki alikuwa chakula cha hadithi. Baba yake, Mzee Werema, alitaka awe mwalimu kwa sababu walimu hurudi nyumbani kula chakula cha mchana. Yeye akachagua uuguzi, akafanya kazi katika hospitali ya serikali hadi mumewe, Gisiri, karani wa idara ya uvuvi, alipohamishiwa Mbita. Akaja na masanduku mawili bila neno hata moja la Dholuo, lugha ya wenyeji wa ziwani.

Hadi leo huongea na wagonjwa wake kwa Kiswahili kilichochovywa Dholuo, na Dholuo chenyewe hukivunja vibaya. Hajali. "Wakinicheka wameshaanza kunisikiliza," asema. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sista Nyangi anaipenda methali hiyo na huitumia kila anapopata nafasi, hasa kwa wenyeji wanaomwudhi.

Lakini kuna jambo moja ambalo halimchekeshi. Unapomwuliza kwa nini kila Alhamisi huacha kliniki na kuvuka kwenda kisiwa cha Rusinga, huweka kijiko chini na kutafuta mahali pa kukaa.

"Kwa sababu ya mtoto mmoja anayeitwa Ken," anasema. "Na kwa sababu ya mdomo wangu huu."

Mwanzoni mwa mwaka jana, kabla mvua za masika hazijaanza, alikuwapo kwenye benchi hilo mama kijana aitwaye Edith Akeyo. Edith aliolewa Rusinga kutoka Uriri, na kama ilivyo desturi huko, wengi hawalitumii jina lake. Humwita Nyar Uriri, binti wa Uriri. Mumewe, Paul, huvua samaki katika kisiwa cha Remba na hurudi nyumbani mara mojamoja. Mtoto wao Ken, aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa akiharisha. Alitibiwa akapona. Akarudi akiharisha tena. Akatibiwa tena, akapona, na kabla wiki mbili hazijaisha, mama na mwana walikuwa kwenye benchi lilelile.

Kila mara sista aliuliza swali moja: maji mnachemsha? Na kila mara Edith alijibu: tunachemsha.

Mara ya tatu subira ya sista iliisha. Benchi lilikuwa limejaa, na nusu ya wanawake waliokuwapo walitoka Rusinga.

"Nilimwambia mbele ya wote," anasimulia. "Nikasema, 'Nyar Uriri, kwenu kuni zimeisha, ama ni uvivu? Maji iliyochemshwa haiwezi kumharisha mtoto kila wiki. Mimi si mtoto, usinidanganye.' Watu wakacheka. Na mimi nikaendelea na somo langu, nikijiona hodari."

Edith anaikumbuka siku hiyo vizuri kuliko sista. Ni mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, mwenye miaka ishirini na miwili. Tulipomkuta nyumbani kwake alikuwa akianika omena, dagaa wa ziwani, na hakuacha kazi alipokuwa akizungumza nasi.

"Nilikuwa nachemsha," anasema. "Haki ya Mungu nilikuwa nachemsha kila siku. Kuni huku ni ya kununua, mzigo mmoja shilingi ishirini, haifikishi siku mbili. Nilikuwa nanunua. Halafu naitwa mwongo mbele ya wanawake wa huku, wenye wananijua, wenye watafikisha kwa mama mkwe kabla mimi sijafika. Niliona ni kama nimevuliwa nguo."

Alimbeba Ken mgongoni akaondoka. Hakurudi tena kliniki.

Sista Nyangi hakutambua. Hilo ndilo linalomuuma zaidi. Wiki zilipita, watu walikuja na kwenda, na yeye alihesabu moyoni kwamba Ken amepona na kwamba maneno makali yamefanya kazi yake.

Aliyemtoa usingizini ni Hodan, mke wa Abdinasir, mfanyabiashara Msomali mwenye duka karibu na kituo cha magari. Hodan alikuja kupimwa ujauzito. Alipokuwa akishuka kwenye mizani akauliza kama ni kawaida mtu kununua chumvi na sukari ya kupimiwa kwenye karatasi kila siku, kidogo kidogo, kama dawa.

"Nikamwambia hiyo ni dawa kweli, ni ya kuharisha," sista anasema. "Nikamwuliza ni nani. Akasema ni yule msichana mwembamba wa Rusinga, Nyar Uriri. Akasema, 'Aliniambia nisikuambie, sista. Lakini mtoto nimemwona juzi. Shingo imekuwa kama uzi.'"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ila hapa aliyeficha alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa imevaa gauni jeupe.

Sista aliingia kwa daktari bila kubisha hodi, akachukua pakiti za dawa ya chumvi za kuchanganya na maji, akasema anakwenda Rusinga.

"Na sindano nani atadunga?" daktari aliuliza.

"Wewe ulisomea nini?" alijibu, akiwa tayari yuko mlangoni.

Alivuka tuta linalounganisha Mbita na kisiwa akiwa amepakiwa kwenye baiskeli, kofia ya uuguzi ikiwa mkononi ili upepo usiitie ziwani. Katika miaka yote ya kuhubiri maji, hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia nyumbani kwa mgonjwa Rusinga. Anayasema hayo bila kuzunguka.

Mlangoni alimkuta mama mkwe wa Edith. Naye pia huitwa kwa kwao: Nyar Gembe. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kutazama watu kana kwamba anakadiria uzito wao. Kwenye mkeka ndani alilala Ken. Macho yalikuwa yamedidimia. Sista alipobana ngozi ya tumbo na kuiachilia, ilibaki imesimama. Mtoto alilia, lakini machozi hayakutoka.

Edith aliingia akiwa na ndoo kichwani. Alipomwona mgeni aliitua na kubaki amesimama, macho chini.

"Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani," sista anasema. "Yote yalipotea. Nikasema tu, 'Mama Ken, nilikukosea. Nionyeshe vile unamtengenezea maji yake.'"

Edith akamwonyesha. Sufuria ilikuwa jikoni, maji yakitokota vilivyo, povu kwa povu, muda mrefu kuliko sista mwenyewe anavyofundisha. Kisha akaiinua sufuria kwa matambara, akaenda nayo pembeni kulikokaa mtungi mkubwa wa udongo, ule unaoitwa dapi, na akamimina maji ya moto humo. Mtungi ulikuwa umejaa nusu tayari. Akasubiri kidogo, akachota lita yake humo, akatia chumvi nusu kijiko, sukari vijiko sita vilivyosawazishwa.

Sista aliinama akachungulia mtungini. "Hii nusu ya chini imetoka wapi?"

"Ziwani. Ya asubuhi."

"Hiyo hujachemsha?"

Edith alimtazama kana kwamba ameuliza kwa nini nyumba ina mlango. "Sista, huwezi weka maji moto kwa dapi kavu. Itapasuka. Lazima ikute maji baridi ndani. Na hii si yangu. Ni ya mama."

Mtungi ule Nyar Gembe alipewa alipoolewa. Katika boma hilo, mtungi wa mama mkwe hauachwi ukauke, na mke wa mwana hamwagi maji aliyoyakuta humo. Huongeza tu. Kwa hiyo kila asubuhi maji ya ziwa yalitangulia, na maji yaliyochemshwa kwa kuni za kununua yakafuata juu yake, yakapoa vizuri, yakawa matamu ya udongo kama maji ya mtungi yanavyopaswa kuwa. Edith alikuwa akitimiza kila neno la somo la benchi. Hata dawa ya kuharisha aliichanganya sawasawa, kwa maji yenye vijidudu.

Sista Nyangi alikaa chini sakafuni.

"Miaka mitano," anasema, "nimesimama pale nikisema chemsheni, chemsheni. Hakuna siku nimesema ukishachemsha uweke wapi. Kwetu Kehancha nilikulia maji ya jerikeni. Sikujua kuuliza."

Kisha, kwa sababu hata katika majuto haachi kuwa mwalimu, anainua kidole. "Lakini andika hili. Ule mchanganyiko wake, hata na maji hiyo, ndio ulimweka Ken hai mpaka nikafika. Mtoto akiharisha, kumnyima maji kunaua haraka kuliko maji mabaya. Nyar Uriri alimwokoa mwanawe. Mimi nilikuja kumalizia tu."

Mchana ule walichemsha maji upya, wakaifunika sufuria na kuitia ndani ya karai la maji baridi ili ipoe bila kuchanganywa na chochote. Sista akafungua pakiti, akampakata mtoto, akaanza kumnywesha kwa kijiko. Alikuwa ameamua kwamba Ken akitapika atambeba mbio kwa daktari akatiwe maji kupitia mshipa. Kijiko kimoja, subira. Kingine, subira. Hakutapika.

Nyar Gembe alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni wakati wote huo. Jua lilipoanza kuegemea upande wa ziwa, akauliza kwa Dholuo, polepole, ili mgeni amwelewe.

"Nilizaa tisa," alisema. "Wanne walienda kwa kuhara hivi hivi. Wote walikunywa kwa dapi hii. Kwa hivyo ni dapi yangu?"

Hakuna mtu katika boma lile aliyewahi kumsikia Nyar Gembe akiwataja hao wanne.

Katika chuo cha uuguzi Sista Nyangi alifundishwa namna ya kumwambia mama kwamba mtoto wake ni mgonjwa, na namna ya kumwambia kwamba amefariki. Hakuna aliyemfundisha amwambie nini bibi anayeuliza kama mikono yake mwenyewe ndiyo iliyowanywesha wanawe kifo.

"Ningesema hapana, ningekuwa mwongo, na Ken angerudishiwa maji ile ile," anasema. "Ningesema ndiyo, ningemuua yule mama akiwa amekaa."

Alichosema ni hiki, na Edith anakikumbuka neno kwa neno: "Mama, maji hayo ulifundishwa na mama mkwe wako, na yeye alifundishwa na wake. Hakuna mmoja wenu aliyejua. Wenye walijua ni sisi wa kliniki. Na tulikaa ng'ambo tukingoja nyinyi ndio mje."

Nyar Gembe aliinuka akatoka nje, na hakurudi hadi sista alipoondoka.

Kabla ya hapo, Ken alikojoa. Alikojolea gauni jeupe, mapajani, maji ya moto yakapenya hadi kwenye mkeka. Kwa mtoto aliyekauka, mkojo ni habari njema kuliko zote. Sista Nyangi alipiga vigelegele hadi majirani wakaja wakidhani kuna mgeni wa heshima. Anapolisimulia hili leo anaangua kicheko, na katikati ya kicheko anafuta macho. Haoni haya.

Hata hivyo alirudi Mbita usiku ule akiwa na hofu. Mtoto alikuwa salama kwa siku hiyo. Lakini mtungi ulikuwa palepale, na mwenye mtungi alikuwa ameondoka bila kuaga. Mke wa mwana hawezi kuumwaga. Muuguzi wa Kikuria hawezi kuuamrisha. Kama Nyar Gembe angeamua kwamba ametukanwa nyumbani kwake, wa kulipa angekuwa Ken.

"Nilimwomba daktari Alhamisi moja," anasema. "Akanuna. Nikaichukua."

Alipofika Alhamisi hiyo aliuona mtungi kabla hajaiona nyumba. Ulikuwa nje, umeoshwa, umepinduliwa kifudifudi juani.

Nyar Gembe alimpokea kana kwamba hakuna lililotokea. Alikuwa amekwisha kutafakari, na kama ilivyo tabia yake, alikuwa na masharti. Mtungi hautavunjwa wala hautafichwa, kwa sababu maji ya sufuria yana ladha ya bati na yeye hayanywi. Utaoshwa kila siku na kukaushwa juani. Maji yatachemshwa jioni, yatalala ndani ya sufuria yenye kifuniko, na asubuhi yatakapokuwa baridi ndipo yatakapoingia mtungini, juu ya udongo mkavu. Hakuna mkono wala kikombe kitakachozamishwa humo, ila kibuyu kimoja chenye mpini mrefu, nacho kitatundikwa juu.

"Maji baridi haiwezi kupasua dapi," alimweleza sista, kama mtu anayemfundisha mtoto mzito wa kuelewa. "Ni ile moto ndiyo inapasua. Mngesema mapema."

Sista anasema aliyakubali masharti yote bila kubishana. Anadai ni mara yake ya pekee.

Mengi yamebadilika kliniki tangu hapo. Kelele na mzaha vingalipo, na mvuvi atachekwa akizidisha sukari, lakini hakuna anayeulizwa tena mbele ya watu kama anachemsha maji. Swali sasa ni moja: nionyeshe. Na kwa kuwa huwezi kuonyesha jiko lako ukiwa barazani, Alhamisi ya sista imekuwa haki yake. Daktari hamlipi zaidi kwa ajili hiyo. Mshahara wake haufiki shilingi elfu sita kwa mwezi, na nauli ya baiskeli huitoa mwenyewe.

Katika ziara hizo, zilizoanzia kijiji cha Nyar Gembe, amekuta mambo ambayo benchi lisingemwambia kamwe. Amekuta boma ambako kikombe cha mzee wa nyumba hakioshwi kwa maji ya watoto yaliyochemshwa, ila kwa ya ziwani. Amekuta mama anayechemsha maji ya mtoto mchanga tu, kwa sababu sista alisema "ya mtoto," na ndugu wakubwa wa mtoto huyo wanakunywa ya ziwani. Kwa asiye na pesa za kuni hahubiri kuchemsha. Humwelekeza kwenye dawa ya kuua vijidudu ya kutia majini, na humpimia mwenyewe mara ya kwanza.

Kisha mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka zilikuja, vyoo vikafurika, na kipindupindu kikapiga hodi vijiji vya ufukweni. Wiki hizo kliniki haikulala. Daktari Barnabas, ambaye si mwepesi wa kusifu, anasema alianza kumwuliza kila mgonjwa anatoka wapi, na akagundua anasubiri watu wa kijiji cha Nyar Gembe bila kuwaona.

"Nilidhani wameamua kufia nyumbani," anasema. "Nikamtuma sista. Akarudi akasema wako shambani, wazima."

Je, haogopi kwamba muuguzi wake atamfungia kliniki? Daktari anacheka. "Hii si kazi ya kinyozi, kwamba mteja lazima arudi kila mwezi. Magonjwa hayajaisha. Waje na mapya."

Ken sasa anakaribia miaka mitatu. Tulipofika alikuwa akimfukuza bata kwa fimbo, uchi wa mnyama, mwenye tumbo la mtoto aliyeshiba. Edith alimkemea kwa sauti ambayo hatukujua kuwa anayo. Mwezi uliopita aliombwa na wanawake wa kanisa lake awaonyeshe namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari. Alikubali kwa sharti kwamba wote wakae chini na asiwepo wa kucheka.

Hamu kubwa ya Sista Nyangi sasa ni Remba. Kisiwa hicho ni kidogo, kimejaa vibanda vya wavuvi na wachuuzi wa samaki kutoka kila upande. Maji ya kunywa huchotwa hatua chache kutoka yanakooshewa vyombo, na vyoo ni vya kutafuta. Paul, mumewe Edith, anasema watu huko huharisha na kuendelea kuvua. Amewatafutia nafasi katika mashua itakayovuka baada ya Pasaka, na mahali pa kulala kwa siku tatu. Daktari amekubali, akilalamika kwamba sindano zimeanza kumzoea.

Wanaosafiri ni wawili: Sista Nyangi na Nyar Gembe.

Tulimwuliza sista kwa nini amchukue mama wa umri ule, asiyejua kusoma, ambaye hajawahi kupanda mashua kwenda Remba maishani mwake. Alitutuma kwa mwenyewe. "Mimi sikumwomba," alisema. "Alisikia ninaenda, akaniuliza tunaondoka siku gani."

Nyar Gembe alikuwa akiosha mtungi wake. Aliendelea kuusugua kwa mchanga na majani hadi aliporidhika, akaupindua juani, akajifuta mikono kwa leso.

"Huko Remba hawana wakati wa sista," alisema. "Wako na samaki ya kuuza. Sista akianza na maji, watainuka waende. Kwa hivyo nitaanza mimi. Nitasimama niwaambie majina yao, wale wanne, mmoja mmoja, na vile kila mmoja alikuwa anapenda kucheza. Nikimaliza hao, sista aseme ya maji."

Tulimwuliza kama amewahi kuyataja majina hayo mbele ya watu.

"Hapana," alisema. "Lakini wako na mama yao wa kuwasemea. Wacha nao wafanye kazi."